Kisanduku Kinachokula Mvua

Kawira, mtangazaji wa kipindi cha jioni pale redioni, amenisumbua tangu nilipostaafu. Anataka niwaandikie ninyi vijana mnaoingia chumba cha mitambo, mjue kazi ilikuwaje kabla kompyuta haijaanza kuwafanyia kila kitu. Nimemkwepa mara kadhaa. Sasa nimekubali, lakini si kwa sababu anayodhani. Nina wivu, wivu wa kweli, kwa vijana wawili ambao hawajafika hata nusu ya umri wangu, na nimeona nikiuandika labda utapungua. Mambo ya kupandishwa cheo sitayagusa. Cheo kilikuwa kimoja tu, na mshahara mnaujua wenyewe kwa sababu mpaka leo haujabadilika.

Nilianza kazi kwenye duka la kanda za muziki la Mzee Abdalla, Meru mjini, hatua chache kutoka msikitini. Ndugu zake wote walikuwa watu wa malori, wa kupeleka mizigo Maua na Isiolo na kurudi. Yeye peke yake ndiye aliyependa sauti. Mbele ya duka aliuza kanda na betri, na nyuma, ukipita pazia zito la kijani, alikuwa na chumba cha kurekodia. Siku yangu ya kwanza nilivaa tai. Aliniambia niivue kwa sababu itagonga maikrofoni, nami nikaivua, na sijaivaa tena isipokuwa harusini kwangu.

Kisha alinikalisha mbele ya spika na kuweka kanda ya mtu anayehutubia mahali fulani.

"Funga macho," akasema. "Chumba hicho kina madirisha mangapi?"

Nikamwambia kanda haina picha.

"Nimekuuliza madirisha, sikukuuliza picha."

Hilo ndilo lilikuwa somo, asubuhi na jioni, kwa miezi. Sauti ikigonga ukuta wa mawe hurudi kali. Ikigonga mbao hurudi imepoa. Ikifika kwenye dirisha lililo wazi hairudi kabisa, na pale isiporudi unabaki na kitundu kidogo ambacho sikio likizoea hukiona. Nilikosea mpaka nikachoka kukosea, halafu siku moja nikaanza kupata. Nikajua kusema hiki chumba kina mabati, hiki kina pazia, huyu anayeimba ameupa ukuta mgongo. Ugonjwa huo haujaniacha. Mpaka leo nikiingia kanisani hufumba macho na kuhesabu madirisha, na Mama Kendi, mke wangu, hudhani nasali.

Nilipoiva, Mzee Abdalla alinituma Nkubu. Kwaya nyingi zilikuwa zikitoka upande huo, na nyingine zilipanda kutoka Embu, akaona ni heri chumba kiwafuate. Kilikuwa nyuma ya soko, kuta za mawe, dirisha moja la mbao linalotazama barabara, na paa la mabati lililoinamia kushoto. Kwa mtu wa kwetu sina haja ya kueleza mvua ikipiga mabati hufanya nini. Mhubiri hunyamaza katikati ya mahubiri, mwalimu huwaambia watoto walaze vichwa juu ya madawati, na wanaogombana huahirisha. Sasa fikiria kazi yako ni kurekodi watu wakiimba chini ya paa hilo, tena katika nchi yenye mvua kama yetu.

Nilipigana na mvua ile kwa nguvu zangu zote. Nilikusanya trei za mayai kwa wafugaji wa kuku mpaka wakaanza kunificha. Nilibeba magunia ya makapi kutoka kiwanda cha kahawa huku kwetu Githongo, nikayapanga juu, nikayafunika na trei, nikapiga misumari. Nje, mfereji wa paa ulikuwa ukimwaga maji juu ya pipa tupu, na tone lake lilipenya hata ukutani. Nikalifunga pipa gunia la mkonge. Na bado mvua ikizidi iliingia. Kwa hiyo nilikuwa na sheria moja: tone la kwanza likianguka, nilikuwa nainua mkono, kila mtu ananyamaza, nazima mashine. Wanakwaya waliuita mkono wa mvua. Kuna watoto waliozoea mkono ule hivi kwamba nikijikuna kichwa tu wananyamaza.

Kazi iliyonitoa jasho kuliko zote ilikuwa ya kwaya moja ya Kibugu. Hao walikuwa wachuma chai, watu wa juu kabisa karibu na msitu, na walikuja kwa lori katikati ya masika kwa sababu ndipo mwenye lori alikuwa na nafasi. Wakifika ubeti wa pili, mvua. Mkono juu. Wanakaa chini kwenye sakafu, wanatoa chupa za chai na nduma, wanangoja. Mimi natoka nje kukaza gunia la pipa. Nikiwa huko nilikuwa nawasikia wakiimba wenyewe kwa wenyewe kupitisha muda, kwa sababu watu hao hawajui kukaa kimya, nami nilikuwa nasonya nikifikiri wanazimaliza sauti zao bure. Mvua ikikatika, narudi, tunaanza upya. Wakarudi Kibugu, wakaja tena wiki iliyofuata. Mwishowe tulipata mchana mmoja mkavu, nikawashika kuanzia mwanzo hadi mwisho bila doa.

Mzee Abdalla alikuja kutoka Meru kuusikiliza wimbo huo. Alifumba macho, akaketi hivyo muda mrefu, wimbo ukaisha na yeye bado amefumba.

"Sisikii dirisha hata moja," akasema. Akachukua kofia yake, akaondoka.

Nililichukua neno hilo kama cheti. Kama lingeweza kuwekwa kwenye fremu ningeliweka. Wengi wenu nimewaambia hadithi hiyo kwenye chai ya saa nne, na wengine nimewaambia zaidi ya mara moja, nisameheni.

Baadaye kanda zikafa, na Mzee Abdalla naye akafa. Wanawe wakarudi kwenye malori, chumba cha Nkubu kikafungwa, nami nikaja redioni na wimbo wa Kibugu mfukoni. Hapa ndipo mnaponikuta ninyi. Na hapa kuna jambo la kiufundi ambalo lazima mlielewe, kwa sababu shauri lote linakalia hapo.

Nilipofika, wahubiri na waandishi wa mashinani walikuwa wakituletea sauti zilizojaa majogoo, upepo na mvua. Nikaweka kisanduku. Kiko nyuma ya kabati la mitambo, chini, na kila kinachokwenda hewani hupitia hapo. Kazi yake ni kufunga mlango sauti inapokuwa ndogo na kuufungua inapokuwa kubwa. Mtu akisema, anapita. Akinyamaza, ile mvua iliyo nyuma yake inakuta mlango umefungwa. Mbele ya kisanduku kuna mlinzi, ile mashine ndogo yenye taa nyekundu. Mlinzi akisikia kimya kwa muda kidogo, anaamua tumelala kazini, anapiga wimbo wa akiba mpaka tuamke. Na wimbo wa akiba ni upi? Ni wa kwaya ya Kibugu. Mimi ndiye niliyeuchagua, na sikuitisha mkutano. Kila mtangazaji akisahau, kila waya ukikatika, kuanzia Maua mpaka Embu watu husikia kazi yangu. Wasikilizaji wengine hudhani ndio wimbo rasmi wa kituo.

Basi nimestaafu, niko kwangu Githongo na migomba na kahawa. Jumapili moja mwaka huu Kawira akaja na flashi mfukoni.

"Mwalimu, nimekuletea albamu," akasema, akitumia jina langu la redioni. "Ni ya kwanza yao. Ni wawili tu, Makena wa hapo Nkubu na Njeru wa Kibugu. Mmoja gitaa na kuimba, mwingine kinanda na kompyuta. Ni roki lakini ya mashine, sijui nikueleze vipi. Wanaitwa Geji Thelathini."

"Geji thelathini ni mabati."

"Ndio hivyo."

"Tena ni mabati membamba. Wangejiita ishirini na nane."

Kawira hakucheka. Alikuwa na shida yake. Ijumaa saa kumi alitaka kuicheza yote hewani, mara ya kwanza popote, na mkubwa wake alikuwa ameanza kunung'unika kwamba muziki huo ni kelele. "Nimemwambia utasikiliza wewe," akasema. "Ukisema iko sawa, nacheza. Ukisema hapana, naacha, na hao watoto hawatapata chansi ingine. Unajua hapa kwetu redio ikikukataa umekataliwa."

Jumatatu mchana niliingia stoo ya kahawa na hedifoni zangu za zamani, zile zilizofungwa kwa tepu, nikafunga mlango.

Wimbo wa kwanza unaanza na mvua. Si mvua ya kompyuta, hiyo naijua, hunyesha sawasawa bila kufikiri. Hii ilianza na tone moja, ikanyamaza. Likaja lingine upande wa pili. Kisha mabati yakajaa pole pole. Na mimi, mzee mzima, peke yangu stooni, nikainua mkono.

Hakuna aliyenyamaza. Mvua iliendelea, na ndani yake nikasikia tone zito likigonga kitu kitupu, to, to, to. Ngoma ya mashine ikaingia ikilifuata tone, si tone kuifuata ngoma. Besi ya kinanda ikapanda ikiwa na mkwaruzo, mfano wa kinu cha posho kinapoanza kusaga. Halafu gitaa, chafu, lenye ule uchafu ambao maisha yangu yote nimewaambia wapiga gitaa waupunguze. Makena alipoanza kuimba, sauti yake haikukaa mbele ya mvua wala nyuma yake. Iliingia humo humo. Akivuta pumzi, mvua inajaza nafasi, na akirudi inampisha.

Nilisikiliza yote, kisha nikarudia, nikitafuta makosa. Nimelipwa miaka mingi kutafuta makosa. Kwenye wimbo wa tatu besi ni nzito kupita kiasi. Kwenye ule wa msichana anayengoja mtu barazani pa duka, sauti inapasuka, tena honi ya gari inapita. Lakini kila kosa nililolipata, nikilirudia nilikuta wamelijua na kulikalisha mahali pake. Ile honi imeangukia pale pale msichana anapodhani mtu wake amefika. Karibu na mwisho Njeru ameigeuza mvua kinyumenyume, mpaka unaisikia ikivutwa kutoka kwenye mabati kurudi juu, na gitaa linabaki peke yake kwenye chumba kikavu.

Wivu ukaniingia. Si wivu wa ujana wao, wakae nao pamoja na kodi zake za nyumba. Niliionea wivu sauti. Niliona hiyo ilikuwa yangu, niliyostahili kuipata mimi, nami nilikuwa nimesimama karibu nayo miaka yote hiyo nikiifunga magunia.

Nikajaribu kujituliza kwa somo la Mzee Abdalla. Nikafumba macho, nikahesabu. Ukuta wa mawe. Dirisha moja, la mbao, kulia, linatazama barabara. Paa la chini lililoinamia kushoto. Mfereji, na chini ya mfereji pipa.

Nikavua hedifoni. Kilikuwa chumba changu.

Jumanne asubuhi nilikuwa Nkubu. Chumba sasa ni cha duka la vyakula na dawa za mifugo, la mamake Makena. Makena mwenyewe alikuwa kwenye kaunta, msichana mrefu mwenye vidole vilivyokakamaa kwa nyuzi za gitaa, na nyuma, juu ya magunia, alikaa kijana na kompyuta mapajani. Huyo alikuwa Njeru.

"Karibu mzee. Unataka unga wa ng'ombe ama ni dawa ya kupe?"

"Unga," nikasema, ingawa ng'ombe wetu tulimuuza zamani.

Nikainua macho. Juu kulikuwa mabati matupu, na kwenye mbao safu baada ya safu ya vitundu vya misumari. Vyangu.

"Hapo juu hapakuwa na kitu?"

Makena akacheka. "Woi, mzee, usiniulize. Kulikuwa kumejaa trei za mayai na magunia ya makapi na panya wamezaa huko."

"Tuling'oa misumari mpaka mikono ikaisha," Njeru akadakia bila kuinua kichwa. "Nikamwambia Makena, huyu msee alikuwa anaogopa mvua aje?"

"Labda alikuwa na kazi yake," nikasema.

"Alikuwa nayo. Shosho yangu aliimba hapa na kwaya yao." Sasa aliinua kichwa, na uso ukachangamka kwa kumtaja nyanya yake. "Anasema mvua ikianza, fundi anainua mkono, anazima mashine, anatoka nje. Wakibaki wenyewe wanaimba na hiyo mvua. Ati hiyo ndiyo wimbo ilikuwa tamu, na hakuna mtu aliishika. Tangu niko mdogo ananiambia hiyo stori. Ndio tukasema tukuje hapa hapa, tutoe hiyo vitu, tungoje inyeshe."

"Na ule ulioshikwa? Ule wa redio?"

Njeru alifikiri, mtoto mwenye adabu. "Anasema ni mzuri. Lakini anasema hajisikii ndani yake."

Nilitaka kumwambia nilivyohangaika. Nilitaka kumwambia habari za lori, masika, gunia la pipa, na neno la Mzee Abdalla. Badala yake nikachukua gunia langu la unga na kwenda zangu. Nyumbani Mama Kendi alilitazama likishushwa.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

Akili yangu ilikuwa kwingine. Njiani nilikuwa nimekikumbuka kisanduku. Albamu inaanza na mvua ndogo, peke yake, kwa muda. Kisanduku kitaisikia, kitaona ni uchafu, kitafunga mlango. Mlinzi atasikia kimya, atadhani tumelala, atapiga wimbo wa akiba. Ijumaa saa kumi, Kawira akishamaliza kuwasifu wageni wake mbele ya dunia nzima, kitakachotoka hewani ni kwaya yangu ya Kibugu. Wakiianza upya, itakuwa vile vile. Na hata wakiruka mwanzo, kila Makena akivuta pumzi mlango utafungwa, na watu watasikia muziki uliokatwakatwa. Mkubwa wa Kawira atakuwa amepata alichotaka. Sikuhitaji kusema uongo hata kidogo. Nilihitaji kunyamaza tu, na hakuna mwingine anayejua kisanduku kipo.

Nikampigia Kawira simu. "Ni nzuri," nikamwambia. "Icheze."

"Makosa hakuna?"

"Kwenye albamu hakuna."

Alishukuru mpaka nikaona aibu kidogo, lakini ilikuwa kidogo tu. Siku zilizofuata nilikula vizuri. Nilipalilia huku nikipiga mluzi, jambo ambalo Mama Kendi aliliona na kulitilia shaka. Nilijiambia kwamba wameng'oa dari yangu, nami nitawaonyesha maana ya kimya. Niliwaza Njeru akisikia sauti ya shosho yake ikitoka mahali alipotaka itoke mvua, na wazo hilo lilinipendeza kuliko inavyofaa kuandika hapa.

Ijumaa baada ya chakula nikataka kuonja mapema. Nikaingia stooni, nikavaa hedifoni, nikauweka wimbo wa Kibugu. Nikafumba macho na kuhesabu, kwa mazoea tu.

Hakukuwa na dirisha. Hakukuwa na ukuta pia, wala sakafu, wala paa. Nilirudia nikitafuta lolote. Nilikumbuka kulikuwa na mwanamume mmoja wa sauti nzito aliyeimba akiwa na gambuti za shambani, na mama mmoja aliyekuwa akipiga kiganja pajani kila wakifika kiitikio. Huwezi kuwasikia. Ile sauti inaweza kuwa ya watu wowote, popote, au ya watu wasiokuwepo. Nilikuwa nimeondoa mvua, na nayo ikaondoka na Nkubu na Kibugu na wale watu wakiwa ndani yake. Nikamwona Mzee Abdalla akichukua kofia yake. Mzee yule hakuwahi kuniambia ni nzuri. Aliniambia alichosikia, akaenda zake, na mimi nikakaa na neno lake miaka yote nikilipangusa vumbi.

Nilitoka stooni saa nane na nusu. Mama Kendi alikuwa uani akigeuza mbuni, ile kahawa tunayoianika na ganda lake, na redio yake iko dirishani inapiga kelele kama kawaida yake.

"Unaenda wapi na hiyo haraka?"

"Redioni."

"Si ulistaafu?"

Nilifika Meru zikiwa zimebaki dakika chache. Nyuma ya kioo cha studio niliwaona Makena na Njeru wameketi wima mbele ya maikrofoni, mikono katikati ya magoti, nguo zao zimepigwa pasi. Kawira alinipungia mkono kwa furaha. Nilipita moja kwa moja mpaka nyuma ya kabati, nikapiga magoti ambayo hayapendi kupigwa siku hizi, nikakikuta kisanduku pale pale. Juu yake kuna karatasi iliyoandikwa USIGUSE, kwa mwandiko wangu. Nikakizima.

Sikuishia hapo. Nilikaa pale chini kwenye vumbi, mkono juu ya swichi, na nawaambia ukweli, nilikuwa na nafasi ya kukiwasha tena. Sauti ya Kawira ilikuwa ikiwakaribisha wasikilizaji. Nilisikia akisema jina la albamu, akasema tega sikio, akanyamaza. Niliona kana kwamba ni mimi ninayechezwa. Halafu tone la kwanza likaanguka hewani, na mkono wangu ukainuka wenyewe kutoka kwenye swichi, mkono wa mvua, ukabaki juu.

Nilipoingia studio, wimbo wa kwanza ulikuwa umeshika kasi. Njeru aliniona.

"Si huyu ni mzee wa unga?"

"Huyu ndiye Mwalimu," Kawira akasema. "Ndiye alikuwa fundi wa Nkubu."

Vijana wale walitazamana. Makena akafunika mdomo.

"Wa trei?" Njeru akauliza polepole.

"Wa trei," nikasema. "Na wa gunia la pipa. Besi yenu ya wimbo wa tatu ni nzito."

"Tunajua," Njeru akasema.

Taa za simu zilikuwa zimeanza kuwaka. Kawira akapokea ya kwanza, mama mmoja wa Nkubu aliyekuwa akihema. Alikuwa amekimbia kuanua nguo zote kwenye kamba, amefika nje, jua kali, akabaki amesimama na mashuka mikononi asijue amlaumu nani. Mwingine kutoka Embu alikuwa ametoa ndoo kukinga maji. Kawira alicheka mpaka akasahau kuzima maikrofoni yake. Mkubwa wake alitoa kichwa mlangoni, akasikiliza, akakirudisha.

Halafu simu yangu mwenyewe ikaita, nikatoka nje ya studio kuipokea. Ilikuwa Mama Kendi.

"Baba Kendi, nimekimbia na turubai mpaka nikaangusha kiatu! Nimefunika mbuni yote, naangalia juu, hakuna hata wingu. Nani huyo ananyeshea watu kwa redio?"

Niliwatazama wale wawili kupitia kioo. Miaka yangu yote kwenye mitambo sijawahi kumwinua mtu kitini, wala mke wangu, ambaye alinisikiliza kila siku kwa sababu hakuwa na njia nyingine.

"Ni watoto wa hapa kwetu," nikamwambia.

Basi, vijana, kisanduku nimekizima, na ile karatasi nimeibandua. Wimbo wa akiba chagueni mwingine. Wivu haukupungua kwa kuandika kama nilivyotumaini, bado ninao, na nikiwa peke yangu stooni huwa naipiga albamu ile ili uamke vizuri. Ila siku hizi kukianza kunyesha hapa Githongo, Mama Kendi huitazama redio kwanza, ndipo atazame mbinguni.